Naomba ushauri: nibadilishe konsepti ya mradi wa mwaka wa mwisho au nisonge nayo?

Mchoraji Kijana
Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, mwaka wa mwisho, chuo nakihifadhi. Mradi wangu ni kituo cha utamaduni Dodoma, kule Mtumba karibu na Mji wa Serikali, na konsepti nimeijenga juu ya tembe la Wagogo: paa bapa, majengo manne yamezunguka ua, milango yote inatazama ndani. Mwalimu wangu wa studio aliipenda tangu siku ya kwanza, akasema afadhali safari hii kuna mtu ambaye hajaleta mlango wa Zanzibar na makuti.

Sasa yamejitokeza mambo kidogo na nawaza kuiacha kabisa, nihamie kwenye nyumba za mawe za Kilwa, maana za kule picha na vipimo vinapatikana. Juri ya mwisho, yaani jopo la watahini wa mradi, ni mwezi ujao. Usingizi sipati. Wenye uzoefu, ni busara kubadili konsepti muda huu? Natanguliza shukrani.

Sikio la Kufa
Ngoja wajuzi waje. Mimi nimeshakaa siti ya mbele na karanga zangu.

Bwana Zege
Dogo, usibadili. Mwezi mmoja hautoshi kumaliza michoro uliyonayo, sembuse kuanza upya. Na Kilwa usidhani ndiko kwepesi. Ukigusa nyumba za mawe za pwani utaulizwa kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, na jibu ni boriti za mikoko: ukizidisha upana wa mita tatu hivi hazibebi. Ukumbi wako wa watu mia tano utauezeka na nini?

Swali langu kwako ni moja. Hilo paa bapa ni la nini? Kama ni zege tupu, watu watakaangwa humo. Tembe linapoa kwa sababu ya udongo mnene uliolaliwa juu, umbo peke yake halipozi kitu. Na linadumu kwa sababu Dodoma mvua haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida. Lilete Dar, tunakopata zaidi ya 1,000, masika moja tu unalala kwenye tope.

Mama Wawili
Mmenitonesha kidonda. Nimejenga Goba nyumba ya kuficha bati, fundi aliniapia kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Ule mfereji wa juu ukizibwa na majani ya mwembe, maji yote yanashukia sebuleni. Nimemwaga lami, nimebandika ile karatasi nyeusi ya kuchoma kwa moto, wapi. Juzi dari la chumba cha watoto limevimba kama andazi. Mwenye fundi wa uhakika wa mapaa anitumie namba faragha tafadhali. Samahani mleta uzi kwa kuingilia.

Mpangaji Mkongwe
Mleta uzi, hayo "mambo kidogo" ni mambo gani? Mtu haachi mradi ambao mwalimu kaupenda kwa sababu ya mambo kidogo.

Mchoraji Kijana
Ni mambo ya utafiti tu mkuu, upande wa vyanzo. Bwana Zege, paa ni zege lenye bustani juu, nimeweka udongo sentimita thelathini, kwa hiyo suala la joto nimelizingatia.

Bwana Zege
Bustani juu ya paa, Dodoma, ambako karibu miezi saba mbingu imefunga? Nani anamwagilia, mtahini?

Mkulima wa Zabibu
Mbukwenyi. Nimefurahi kuona kijana anachora tembe. Mimi nimelala ndani yake utotoni, kabla Operesheni Vijiji haijatuhamisha, kwa hiyo nichangie machache.

Kwanza lile paa siyo bapa kama meza, lina mteremko kidogo ambao jicho la mgeni halioni. Chini unasimika nguzo za miti yenye panda, juu ya panda zinakaa boriti, juu ya boriti fito zimebanana, halafu majani, halafu ndiyo udongo, unamwagiwa maji na kukanyagwa. Watu wazima wanaingia wameinama. Juu ya paa tulianika uwele, karanga na maboga, na mtoto akikimbia kule juu alichapwa, maana kila hatua inafungua ufa. Mvua ya kwanza ya Desemba ndiyo inakuonesha nyufa zilipo. Mama alikuwa anajua kwa sauti ya tone limedondokea wapi, anaamka gizani kusogeza vyungu. Asubuhi baba anapanda na jembe na karai la udongo.

Ng'ombe wanalala uani katikati, na milango inaangalia ndani kwa ajili yao. Kijana ameweka nini uani kwake?

Na kwenu ni wapi?

Mchoraji Kijana
Shikamoo mzee. Nashukuru sana, haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Uani nimeweka jukwaa la ngoma na mgahawa. Kwetu ni Mpwapwa, kwa babu mzaa baba.

Mkulima wa Zabibu
Marahaba. Mpwapwa sehemu gani?

Mtoto wa Tabora
Tembe msiwamilikishe Wagogo peke yao. Wahehe wanalo, na kwetu Unyanyembe lipo pale Kwihara, tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Lile lina mlango wa kuchonga wa Kiarabu. Sasa mleta uzi akituambia tembe ni "utambulisho wa Mgogo", mlango ule tuuweke kabila gani? Nilipelekwa pale na shule darasa la sita, tukala mihogo njiani, mwalimu wa historia akalala usingizi chini ya mwembe tukarudi wenyewe. Sitasahau.

Mpangaji Mkongwe
Mleta uzi, umeulizwa Mpwapwa sehemu gani. Tunakuona uko hewani.

Sikio la Kufa
Karanga zimeisha, nimeagiza nyingine.

Mchoraji Kijana
Haya, naeleza, ila msinishambulie.

Kwenye juri ya kati alikuja mtahini wa nje, kumbe ni mzaliwa wa Mpwapwa. Alisimama muda mrefu mbele ya bango langu la kwanza. Kwenye lile bango kuna picha kubwa ya tembe, na chini yake nimeandika "Nyumba ya babu, Mpwapwa". Akaniuliza kijiji. Nikajibu kwa kuzungukazunguka. Akacheka, akasema anakwenda nyumbani kabla ya juri ya mwisho, nimwelekeze naye akaione.

Ile picha nilipiga Kijiji cha Makumbusho, pale Kijitonyama. Niliikata kidogo kando ili kile kibao cha maelezo kisionekane.

Lakini babu alikuwa Mgogo wa Mpwapwa kweli, hilo halina ubishi. Alishuka Dar akiwa kijana, akafanya kazi reli, akajenga Tandika. Mimi nimezaliwa Tandika. Nikisema "nyumba ya babu" naweza kuwa namaanisha nyumba za mababu kwa ujumla, sioni uongo hapo. Na waliosoma usanifu wanajua: bila hadithi yako binafsi, juri wanakuona umenakili tu. Mabango yameshachapwa, hela yote ya bumu, mkopo wa chuo, imeishia kwa mchapaji. Ndiyo maana naona Kilwa ni salama, kule hakuna atakayeniuliza babu.

Mjoli Mnyenyekevu
Vijana wa leo mnataka njia ya mkato hadi kwenye ukoo! Neno linasema mtaifahamu kweli, nayo kweli itawaweka huru. Nenda kwa mwalimu wako, piga magoti, sema. Mtu anayedanganya kwenye picha, kesho atadanganya kwenye nondo za ghorofa, na ghorofa litaangukia watu. Tubu.

Mtoto wa Tabora
Mwelekeze mtahini Kijitonyama. Mwambie babu alihamia mjini na nyumba yake.

Sikio la Kufa
😂😂😂 Kiingilio atalipa nani?

Mpangaji Mkongwe
Ngoja niongee taratibu. Nimepanga Temeke muda mrefu, na nyumba ya babu yako naijua bila kuiona. Baraza mbele. Mlango wa katikati. Korido inapasua nyumba toka mbele hadi nyuma, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Uani choo, bafu la bati, na majiko ya mkaa yamejipanga ukutani, kila jiko na mwenyewe, ole wako uguse la jirani. Wapangaji sita kutoka mikoa sita, mita moja ya umeme, na kila mwisho wa mwezi kikao cha nani ana friji.

Huyo mzee alitoka kwenye nyumba ambayo ua uko katikati na milango yote inaangalia ng'ombe, akaja mjini akajenga nyumba ambayo milango yote inaangalia korido na ua umekimbilia nyuma. Kwa nini? Kiwanja cha Tandika kilimlazimisha nini? Kodi ilimlazimisha nini? Kuna kitu chochote cha Mpwapwa alikibakisha? Hapo pana mradi mzima, na ni wako kweli. Nyumba bado ipo?

Mchoraji Kijana
Ipo, anakaa shangazi, amepangisha vyumba vinne. Baraza babu alilijenga pana kuliko majirani wote na alikuwa anaanika karanga pale, watu wakimcheka. Lakini mkuu, hebu tuseme ukweli, ni juri gani itakayopigia makofi korido ya Tandika? Ile ni nyumba ya kila mtu. Wanataka kitu chenye mizizi. Msanifu Francis Kéré kapata Tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2022 kwa sababu alirudi kijijini kwao.

Bwana Zege
Kéré kwao ni Gando kweli, amezaliwa pale Burkina Faso na shule ile ya 2001 aliwajengea watu wanaomjua kwa jina la baba yake. Na hakunakili umbo la kibanda chochote. Alichukua udongo, akaufyatua matofali, akanyanyua bati juu ya dari ili hewa ipite kati. Kama unataka wa nyumbani, tazama Soko la Kariakoo alilolisanifu Beda Amuli. Ile miavuli ya zege siyo nyumba ya kabila lolote, na hakuna anayeitazama akasema siyo ya hapa. Hata baada ya moto wa Julai 2021 watu walikuwa wanauliza kwanza kama miavuli imepona.

Wewe umechukua umbo la tembe, ukatoa ng'ombe, ukatoa udongo uliokanyagwa, ukatoa mama anayesogeza vyungu, ukaweka mgahawa. Hata kama picha ingekuwa ya babu kweli, ningekupa C.

Bundi Mzee
Jamani, hamjachoka kunywa chai, hadithi za kutunga? Mimi nimeingia kwenye nyuzi za zamani za huyu jamaa. Mwaka jana huyu huyu "Mchoraji Kijana" aliuliza jukwaa la magari bajaji iliyotumika inauzwaje, akasema ana watoto watatu na mkewe ni mwalimu Mbagala. Leo ni mwanafunzi analia na bumu. Mtahini katungiwa babu, na sasa nyie mnatungiwa mwanafunzi.

Mtoto wa Tabora
Eeeh! Kumbe hata hapa tumepelekwa Kijitonyama.

Mjoli Mnyenyekevu
Nilihisi tangu mwanzo. Roho ilinikataza kusoma.

Mchoraji Kijana
Ile akaunti aliifungua kaka yangu, ndiye wa bajaji. Mimi nimeikuta kwenye simu aliyonipa. Jina nimebadili mimi mwezi uliopita. Sina sababu ya kudanganya watu nisiowajua.

Bundi Mzee
Unaowajua ndio unaowadanganya, tumekuelewa.

Mama Wawili
Chai au siyo chai, mimi bado naomba namba ya fundi. Wingu limetanda Goba.

Bwana Zege
Mama Wawili nimekutumia. Mwambie aanze na mteremko wa mfereji kabla hajauza lami yoyote.

Na wewe Bundi, tuchukulie ni chai. Kila mwaka nakaa kwenye juri nasikia babu. Babu mvuvi, babu mhunzi, bibi msusi wa ukili. Kuna mwaka mabibi wasusi walikuwa watatu kwenye darasa moja, na ukili waliouchora ulikuwa wa muundo ule ule kutoka kwenye mtandao ule ule. Sisi wenyewe tumewafundisha kwamba jengo bila babu halipiti. Kwa hiyo huyu awe yupo au hayupo, mimi nimeshamsahihisha.

Bundi Mzee
Kwa hiyo na wewe ni mtahini? Naona kila mtu humu ana cheo leo.

Mkulima wa Zabibu
Mimi sina cheo, nina zabibu tu. Kijana hajanijibu uani anaweka nini badala ya ng'ombe.

Mchoraji Kijana
Mzee, nimeamua hivi. Kilwa naiacha. Maelezo chini ya picha nitabandika karatasi juu yake, niandike "Tembe la Kigogo" basi, bila babu na bila makumbusho. Mtahini akiuliza nitasema nilikosea kuchapa. Korido ya Tandika nitaiweka kama bango dogo la mwisho, nafasi ikibaki. Nadhani hapo nitakuwa nimewaridhisha wote.

Ila nauliza, la kwenu bado lipo? Nije Jumamosi nipige picha?

Mpangaji Mkongwe
Umeshauriwa upime nyumba ya shangazi, nauli ya daladala tu, unakimbilia kupiga picha ya babu wa mtu mwingine. Haya.

Mkulima wa Zabibu
La baba lilianguka zamani. Lipo la jirani, mjane, nusu yake ameezeka bati na nusu bado udongo. Njoo, lakini kamera utaitoa mchana. Asubuhi utapanda juu na jembe, kuna nyufa hazijazibwa na vijana wake wote wako huko huko Dar. Na uje na kilo mbili za sukari, siyo za kwangu, za kwake. Yeye atakuambia kwa nini ile nusu ameweka bati, hilo swali ndilo kaliulize.

Sikio la Kufa
Nauli ya Dodoma unayo au bumu limeisha kweli?

Bundi Mzee
Aende na bajaji.