Mjadala: Malighafi ni nini, na nani anaamua?

Mleta mada, Chumbageni

Wakuu, salaam. Somalia imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2024, na mbele yake kuna umoja wa forodha. Juzi kijiweni mtu kauliza: tungekuwa sisi ndio tunaanza leo, tungegombania nini kwanza? Wengi wakajibu asilimia za ushuru. Mimi nasema orodha: bidhaa ipi iitwe malighafi na ipi isiitwe.

Sisi tulisaini itifaki ya umoja huo Machi 2004, ikaanza kazi Januari 2005. Jedwali la ushuru wa pamoja kwa vitu vya kutoka nje ya Jumuiya likawa hivi: malighafi na mitambo asilimia 0, bidhaa za kati 10, zilizokamilika 25. Julai 2022 likaongezwa fungu la 35. Ukisoma hivyo unaona viwanda vimependelewa. Haya, chukua klinka. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, hapa Tanga, wana mawe yao ya chokaa; wanayachoma kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 1,400 na ushee, inatoka klinka, wanaisaga na jasi, unapata saruji. Kwa mwenye tanuri klinka ni jasho lake. Kwa mwenye kinu cha kusagia tu, asiye na mlima wala tanuri, klinka hiyohiyo ni malighafi, na angefurahi ishushwe melini bure. Jedwali likaiweka kwenye 10. Hiyo 10 haikushuka na mvua, kuna watu waliketi wakaibishania. Anayekwenda mezani na wastani wa ushuru bila kujua kila kiwanda chake kinanunua nini, huyo kapigwa kabla hajakaa.

Fundi mageti, Barabara ya 12

Umeongea ya wakubwa, kaka. Mimi malighafi yangu ni mabomba ya mraba, flatiba (vyuma bapa) na rangi. Hilo fungu la 35 ulilolitaja ukapita mbio, humo mna bidhaa za chuma, na rangi humohumo. Analindwa anayeniuzia. Mimi je? Seremala jirani yangu afadhali, fanicha nazo zimo. Geti langu mteja halilinganishi na la China. Akiona bei anapanda mchongoma, basi, biashara imekwisha.

Wakala wa forodha, Horohoro

Jedwali mnalobishania ni nusu tu ya habari. Kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha wanakutana, kila nchi na maombi yake: hapa tusitumie kiwango cha pamoja, pale kiwanda fulani kisamehewe ushuru wa malighafi. Yanachapwa kwenye Gazeti la Jumuiya, yanaanza Julai mosi, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Mafuta ghafi ya mawese kwa jedwali ni 0. Bajeti ya 2018/19 Tanzania ikayapeleka 25 ili mkulima wa alizeti apumue. Singida walishangilia. Mpika sabuni, ambaye mawese kwake ndiyo malighafi, sidhani.

Na msamaha una jina. Gazetini anaandikwa mwenye kiwanda, bidhaa gani, kiasi gani. Fundi wa Barabara ya 12 hataandikwa humo mpaka kiama. Nina mteja mdogo, aliomba akazungushwa, gazeti likatoka mzigo ameshaulipia. Halafu bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi ya msamaha ukiivusha kwenda Lunga Lunga, upande wa Kenya, inaweza kudaiwa ushuru kamili, kana kwamba imetoka Ulaya. Soko la pamoja hilo!

Mzee wa Mwanzange

Vijana, ushuru mnaupa nguvu usiyokuwa nayo. Hapahapa Tanga tulikuwa na kiwanda cha mbolea, malighafi zake zilikuja kwa meli. Kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, umoja huu wa forodha haujazaliwa. Hilo jedwali lingekiokoa?

Mleta mada

Mzee shikamoo. Labda lisingekiokoa, hapo sibishi. Nisemacho ni kwamba ushuru mbaya unaweza kuua hata kilicho kizima.

Fundi, umenishika. Niliandika "viwanda" nikafikiria mabomba ya moshi tu. Kumbukeni lakini kwamba 2005 tulipata kitu: bidhaa zetu ziliingia Kenya bila ushuru tangu siku ya kwanza, huku baadhi ya zao zikilipa huku kwetu kiwango kinachopungua kwa miaka mitano, mpaka 2010. Maana yake muda unaweza kuombwa. Ningekuwa Msomali ningeomba muda huo kwa vifaa vya karakana: paipu, bati, rangi. Na ningekataa msamaha wa majina. Upunguzwe kwa namba ya bidhaa kwenye jedwali, kila anayeileta aipate.

Wakala wa forodha, Horohoro

Kwa namba ya bidhaa? Mwenye duka la jumla ndiye atakayeileta. Punguzo litaishia kaunta kwake, fundi atauziwa bei ileile.

Fundi mageti, Barabara ya 12

Hilo kweli. Ila leo naye analipa ushuru kamili, na hana cha kunipunguzia hata akitaka. Bora liwepo nikabishane naye mwenyewe.