Mrejesho: Karthala nimefika, Ntingui bado

Wakuu, ndiye yule niliyeuliza namna ya kupanda milima miwili ya Komoro: Karthala (mita 2,361) kule kisiwa cha Ngazidja na Ntingui (mita 1,595) kule kisiwa cha Nzwani. Ahsanteni sana.

Aliyesema nibebe maji yote kutoka chini, Mungu ambariki. Ngazidja haina mito, mvua yote inanywewa na mawe ya volkano. Nilibeba lita sita. Ukingoni mwa kreta (shimo la volkano la Karthala) nilibaki na nusu chupa. Kulala njiani nako kulisaidia. Alfajiri majivu meusi yalikuwa yamelowa umande, yananata kwenye buti.

Ntingui sikufika kileleni. Mliniambia nianze alfajiri, mimi nikaanza saa nne. Ukungu ukatukuta msituni, kiongozi wetu akasema turudi, tukarudi.