Naibu wa mwalimu mkuu mwenye mtoto anayenyonya: nikubali nafasi ya Faza?

Mama Swaleh, Amu
Assalamu alaykum walimu wenzangu. Ninafundisha shule ya msingi hapa Amu (Lamu) na mtoto wangu bado ananyonya. Jina langu limependekezwa kwa nafasi ya naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya upande wa Faza, kisiwani Pate. Boti za huko hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yakijaa, kwa hiyo saa ya kuondoka hubadilika kila siku, na msimu wa kusi bahari huchafuka hadi manahodha wenyewe wakasita. Kwenda na kurudi haiwezekani, ni lazima nihamie. Mume wangu amefungwa na kazi yake hapa mjini, na mavyaa anataka nimwachie mtoto. Lililonikera zaidi ni mjumbe mmoja wa bodi kuuliza mbele yangu kama mwenye mtoto mchanga ataiweza kazi, ilhali mwenzangu wa kiume, ambaye mtoto wake ni wa umri uo huo, hakuulizwa lolote. Mliopata vyeo mkiwa na watoto wadogo, mlifanyaje?

Bi Mstaafu, Malindi
Wa alaykum salaam, mwanangu. Niliongoza shule hapa Malindi nikiwa na watoto wadogo, na swali hilo nalijua. Msichana akipatwa na hedhi ya kwanza darasani, mtoto akizimia kwa njaa, au mzazi akija na hasira zake, walimu wanaume walikuwa wakimleta hadi mlangoni kwangu na kusema, "Mama, mtazame huyu." Nilikuwa na kanga mbili na sabuni kwenye droo ya chini ya meza, chini ya rejista, kwa ajili ya wasichana hao. Umama huo ulihesabiwa kuwa ni sehemu ya kazi yangu, wala hapana aliyeuona kuwa ni udhaifu. Lakini siku niliyoomba ruhusa ya kumpeleka mwanangu kliniki, umama uo huo ukageuka kuwa dalili kwamba sifai kuongoza. Usiikatae nafasi kwa sababu ya mjumbe yule. Ikatae, ukiikataa, kwa sababu hakuna nyumba karibu na shule, au hakuna mtu mzima unayemwamini wa kukaa na mtoto. Hayo ndiyo ya kuuliza, tena kwa barua.

Baba Rehema, Mpeketoni
Bi Mstaafu amesema kweli. Naongeza kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza ubaguzi wa aina hiyo hata katika kupandisha watu vyeo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na mapumziko ya chakula. Shuleni kwetu mahali hapo ni stoo ya vitabu, lakini mlango unafungika.

Mwanachuo wa Ualimu
Dada, soma habari za Mary McLeod Bethune, Mmarekani mweusi aliyefungua shule ya wasichana mjini Daytona, Florida, mwaka 1904, akiwa na dola 1 na senti 50, wasichana 5 na mwanawe mdogo Albert. Aliuza pai za viazi vitamu ili shule iendelee, na baadaye akawa mshauri wa Rais Franklin Roosevelt. Kama yeye aliweza, nawe utaweza.

Bi Mstaafu, Malindi
Mwanafunzi wangu, Bethune namheshimu sana, lakini historia yake isitumiwe kumwambia huyu avumilie kukosa nyumba. Yule mama aliuza pai kwa sababu waliopaswa kuwasomesha watoto weusi wa Florida hawakutimiza wajibu wao.

Mama Swaleh, Amu
Ahsanteni sana. Barua nimeiandika, na jambo la kwanza nililoliuliza ni nyumba ya mwalimu. Mavyaa amesema kwamba, nyumba ikipatikana, atafuatana nami hadi mtoto aache ziwa, ambalo sikulitarajia. Mwenye kujua nyumba ya kupanga Faza, yenye maji ya kisima au birika, tafadhali anijulishe kabla ya mwisho wa mwezi.