Baraza la mama Bugarika linaachana na nyumba: nikarabati au nibomoe?

Kitinda wa Bugarika
Mwangaluka wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kujenga milimani.

Nyumba ya mama iko juu kabisa Bugarika, hapa Mwanza, msingi umekaa kwenye mwamba, haijawahi kupasuka tangu marehemu mzee aijenge. Mwaka jana nikamwongezea baraza mbele, upande wa bondeni: urefu mita 4, upana mita 2, kimo mita 1.2, na ngazi ya vipandio saba. Fundi alipandisha ukuta wa mawe pande tatu, akajaza kifusi, akamwaga jamvi la zege juu yake, akalilainisha kwa niru ya saruji. Mama akawa anakaa pale jioni kuchambua mchicha, ziwa lote liko mbele yake.

Mvua za vuli zimepita, sasa kuna ufa kati ya jamvi na ukuta wa nyumba. Mwezi uliopita ilikuwa inaingia sarafu, leo kinaingia kidole mpaka kiungo cha pili. Ukuta wa mbele umetoa tumbo. Kipandio cha juu kimeshuka, kwa hiyo hatua ya kwanza ni ndefu na inayofuata ni fupi. Jumapili mama alijikwaa hapo akitoka kanisani, bahati alidaka ukuta. Ana miaka 71.

Fundi anataka mifuko mitano ya saruji azibe ufa, na nondo za kulifunga baraza kwenye nyumba. Nimpe hela?

Fundi Mawe Ilemela
Usitoe hata shilingi kwanza. Ufa ukizibwa leo, masika utafunguka tena. Ukuta ukitoa tumbo ujue kuna kitu kinausukuma kutoka ndani, na huku kwetu mlimani kitu hicho ni maji. Kifusi kimekunywa mvua, kimekuwa kizito, hakina pa kuyatolea.

Nenda katazame mambo mawili. Ukuta wa mbele una matundu ya kutolea maji? Na umeanzia wapi, kwenye mwamba au kwenye udongo? Chimba pembeni mwa kona moja mpaka uone kitako chake.

Mzee wa Kokoto
Mimi naona fundi wake yuko sahihi. Nondo za milimita 12 zikizamishwa kwenye ukuta wa nyumba, baraza haliendi popote.

Injinia Pasiansi
Mzee wangu shikamoo, ila hapo napinga. Nyumba imekaa juu ya mwamba, haishuki. Baraza limekaa juu ya kifusi, linashuka. Ukiyafunga pamoja, linaloshuka litavuta lililosimama, na kitakachopasuka safari hii ni ukuta wa sebule.

Baraza lisimame kwa miguu yake. Kati yake na nyumba acha nafasi ya sentimita 1 mpaka 2, uijaze lami ili maji yasipenye. Nondo zifungwe kwenye mwamba wa chini: toboa sentimita 30, puliza vumbi lote litoke, ndipo umimine uji wa saruji na kusimamisha nondo. Vumbi likibaki, nondo hiyo utaichomoa kwa mkono. Na mwamba ukiwa umeinama, usijenge juu ya mwinamo wake. Uchongwe kwa madaraja, kila daraja liwe bapa.

Mzee wa Kokoto
Marahaba. Kuhusu kuvuta nimekuelewa, sikufikiria upande huo.

Binti Isamilo
Pole sana kaka, na mpe mama pole. Kwetu ilitokea hivyohivyo, na tulibomoa mara mbili kabla ya kujua chanzo. Siku moja mvua ikinyesha nilitoka na mwavuli nikasimama nyuma ya nyumba. Maji ya bati la jirani wa juu yalikuwa yanadondoka sehemu moja, yanapita chini ya jiwe kubwa na kuibukia kwenye baraza letu. Tuliongea naye vizuri, tukachangia mfereji wa zege unaopeleka maji njiani. Tangu hapo kimya. Subiri mvua ijayo uyafuate maji kwa miguu yako.

Kitinda wa Bugarika
Nimerudi. Nimechimba kona ya kushoto na kijana mmoja. Ukuta umeanzia kwenye udongo, sentimita 20 tu. Mwamba uko chini zaidi, tumeugonga kwa sululu kwenye sentimita 80. Matundu hakuna hata moja. Kwenye kifusi tumekuta vipande vya tofali, mifuko ya saruji na kisiki kilichooza, mkono unazama. Maji ya jirani sijayaona bado, ila bati la mama lenyewe halina gata la kukinga maji na linamwaga palepale kwenye ufa.

Fundi Mawe Ilemela
Basi bomoa, kaka. Mawe yako utayatumia tena, hasara ni saruji tu.

Ukuta uanze kwenye mwamba. Kitako kiwe na upana usiopungua nusu ya kimo, na kimo kipime kuanzia mwambani, kwa hiyo kwako ni mita moja. Unapopanda unapunguza kwa upande wa ndani. Matundu weka bomba la inchi 2 kila mita 1.5, karibu na ardhi, yainamie nje. Nyuma ya ukuta panga kokoto upana wa sentimita 30, ndipo moramu. Moramu mwaga sentimita 15, nyunyiza maji, shindilia, ndipo umwage nyingine. Hapa ndipo mafundi wengi wanaiba muda, kwa hiyo siku hiyo uwepo.

Jamvi liinamie bondeni sentimita 4 kwa upana wako wa mita 2. Vipandio vyote vilingane, kama sentimita 17 kila kimoja. Mguu wa mzee hauangalii chini, unakumbuka kipandio kilichopita. Zege lifunikwe magunia mabichi siku saba, jua la Mwanza halina huruma. Na gata lifungwe kabla ya yote.

Kijana wa Igogo
Mchanga asichote ziwani? Ni bure.

Injinia Pasiansi
Hapana. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ufuko ukichimbwa unaliwa na mawimbi. Anunue, na aupime: mchanga na maji kwenye chupa, tikisa, acha mpaka maji yatulie. Tope likikaa nene juu ya mchanga, urudishe.

Kitinda wa Bugarika
Asanteni sana. Gata linafungwa kesho, kubomoa ni Jumamosi. Mama nimemhamishia mlango wa jikoni na kamba nimefunga kwenye ngazi ili wajukuu wasipande. Ameomba kitu kimoja tu, pawe na mkono wa bomba wa kushikilia upande wa kulia. Niuweke kimo gani?

Binti Isamilo
Sentimita 90 kutoka kwenye kipandio. Ila msimamishe mama mwenyewe hapo, aweke mkono, ndipo fundi achomelee.