Panga likiinuliwa bila kumgusa mtu, kosa limetimia?

Wandugu wa Bweyale na kwingineko Uganda, nisaidieni. Jirani tunayegombania naye mpaka wa shamba alinijia na panga, akaliinua usawa wa shingo yangu, akaondoka. Hakutamka neno. Nilipokwenda kushtaki nikaulizwa: "Kidonda kiko wapi?"

Sheria yenyewe haidai kidonda. Kanuni ya Adhabu, hii tuliyoachiwa na Mwingereza tangu 1950, inatoa hadi miaka 4 jela kwa anayetishia kumdhuru mwenzake. Lakini lazima ithibitishwe kwamba alikusudia kutisha, naye atasema alikuwa anatoka kukata matoke. Nani Uganda hana panga? Kwa hiyo nasema liandikwe kosa waziwazi: ukimwinulia mtu silaha, kitendo hicho kitoshe, na anayesema hakukusudia aeleze yeye. Mbona kwenye unyang'anyi hata bunduki ya bandia inahesabiwa silaha ya kuua? Pale hofu imetambuliwa. Kwangu isitambuliwe kwa nini?

— Mkulima, Masindi: Kaka, pole. Ila kosa hilo likiandikwa hivyo, wenye pesa watatufunga sote na kuchukua mashamba. Shahidi wa panga lililoinuliwa hununuliwa kwa bia mbili.

— Mama wa duka, Masaka: Huku kwetu 2021 wazee zaidi ya 20 waliuawa kwa mapanga usiku. Tangu hapo sisubiri mtu ajieleze.

— Dereva, Kampala: Hofu ya nani itapimwa? Mimi nikishika hata spana tu nikasema kwa Kiswahili "njoo hapa", abiria wazee wanatetemeka. Wanakumbuka askari wa vizuizini enzi za Amin, waliofoka kwa Kiswahili. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, masikio bado. Halafu mnasahau walinzi wa maduka wanaotuelekezea mtutu kwa sababu ya maegesho. Anzeni na hao.

Dereva, hao nakubali, waanze wao. Mkulima, ushahidi wa kununuliwa upo hata kwenye wizi wa kuku, na hatujaufuta wizi wa kuku.

Jana mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alituita. Jirani akaja na panga mkononi. Eti katokea shambani. Mwenyekiti akamwambia aliache nje kwanza, ndipo aketi.