Inatosha sasa na huyu "nyoka wa miguu minne"

Ndugu wanajukwaa,

Kila ubishi wa asili ya nyoka unapozuka, hakosi mtu wa kutuambia kwamba jibu lilikwisha kupatikana mwaka 2015, pale jarida la Science lilipomtangaza Tetrapodophis, kiumbe mwembamba aliyekutwa akiwa kisukuku (mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe) katika miamba ya Crato nchini Brazili, kuwa nyoka wa miguu minne. Mwaka 2021 mtaalamu wa visukuku Michael Caldwell na wenzake walilichambua jiwe lile pamoja na ubao wake wa pili wenye alama za fuvu, wakahitimisha kwamba yule ni dolikosauri, mjusi wa majini mwenye mwili mrefu. Mbona hilo hamlisambazi?

Kukosea kunavumilika. Kisichovumilika ni namna kosa lenyewe lilivyolindwa. Sheria ya Brazili ya mwaka 1942 inavitambua visukuku kuwa mali ya taifa, na kuvichimba kunahitaji idhini. Hata hivyo kisukuku hiki kiliibukia kwenye makumbusho ya Solnhofen, Ujerumani, kikiwa cha mkusanyaji binafsi, na makala iliyokitangaza, ambayo haikuwa na mwandishi hata mmoja Mbrazili, haikueleza kilitokaje huko wala kwa kibali cha nani. Mwaka uliofuata, wataalamu waliotaka kukikagua walilalamika kwamba hakifikiki. Ushahidi usiokagulika una tofauti gani na hadithi ya sungura na fisi?

Wakati huo ubishi wenyewe, kama nyoka walitokana na mijusi wa nchi kavu au wa baharini, unafunikwa na kelele. Wanaotetea asili ya baharini wanamshikilia Pachyrhachis, nyoka wa kale wa Ein Yabrud, karibu na Ramallah, aliyekutwa na miguu ya nyuma katika mashapo ya bahari. Mimi naegemea nchi kavu kwa sababu ya Najash, nyoka mwingine wa kale, wa mkoa wa Río Negro, Argentina, aliyetangazwa mwaka 2006: huyu nyonga yake ilikuwa bado imeshikamana na uti wa mgongo, ilhali ya Pachyrhachis ilikwisha kuachana nao; yaani Najash alikuwa bado karibu na mababu waliotembea kwa miguu. (Na anayebisha kwamba nyoka hawakuwahi kuwa na miguu, amtazame chatu: vile vikucha viwili kando ya tundu la haja ni vya nini?)

Kwa hiyo anayetaka kuuweka tena ule mchoro wa miguu minne, aweke na hitimisho la mwaka 2021 chini yake. Na makumbusho yanayopokea mawe ya namna hii yaanze kwa kutuonyesha kibali.