Naomba ushauri: Shule zetu tatu za Katoliki zinataka kuwekwa chini ya bodi moja, tukubali?

Wakuu, habari za jioni. Niko huku upande wa Mbeya, kwenye parachichi na baridi. Parokia sitaji, na mnaonijua naomba mkae kimya.

Mimi ni mzazi na mjumbe wa bodi ya sekondari ya parokia. Juzi tumeitwa kikao pamoja na sekondari mbili za jirani, moja ya parokia ya pili, nyingine ya masista. Hoja ni kwamba zote tatu ziwe na bodi moja, meneja mmoja, mhasibu mmoja na akaunti moja ya benki.

Sababu walizotoa siwezi kuzibisha. Tangu serikali ifute ada kidato cha kwanza hadi cha nne kwenye shule zake, mwaka 2016, wanafunzi wetu wamekuwa wakipungua. Mwaka huu kidato cha kwanza tuna watoto 19. Mwalimu wa fizikia tunamlipa mwezi mzima kwa vipindi tisa kwa wiki, na jirani naye ana wa kwake hivyo hivyo.

Kilichoninyima usingizi ni bibi mmoja. Alisimama kule nyuma, akafungua fundo la khanga, akatoa risiti iliyokunjwa mpaka imeanza kukatika. Mwaka 2009 alitoa tofali 50 na debe mbili za mahindi kujenga bweni la wasichana. Akauliza: "Sasa hili bweni linakuwa la nani?" Padre akatazama saa.

Tunapiga kura Jumamosi ijayo. Sisi tuna Coaster iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi. Jirani ana deni la wazabuni wa chakula. Naogopa Coaster yetu ikaishia kulipa maharage ya watu. Nishaurini.

Kijana wa Uyole:
Ukiona kikao cha bodi kina soda na nyama, jua uamuzi ulishafanyika. Mmeitwa kusaini mahudhurio.

Mkatekista Mstaafu:
Mwanangu, huyo bibi usimchukulie kama mtu wa fujo. Sisi wa umri wake tuliona shule za misheni zikitaifishwa kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Ulilala shule ni ya parokia, ukaamka ni ya serikali. Mtu aliyepitia hilo akisikia "tunaunganisha", masikio yake yanasikia "tunachukua". Mpeni jibu kwa maandishi, na lisomwe kanisani Jumapili.

Wakili wa Kijiweni:
Mleta uzi, umechanganya mambo matatu: umiliki, uendeshaji na fedha.

Umiliki kwanza. Parokia kwa kawaida haina hati kwa jina lake, mali huandikwa kwa wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Kaangalie hati. Ikiwa ni hivyo, bweni limekuwa la wadhamini tangu siku ya msingi, na kura yenu haiwezi kulihamisha. Uendeshaji ndio mnaopigia kura, ila mkumbuke mmiliki na meneja wa shule lazima waidhinishwe na serikali. Bodi kukubaliana haitoshi.

Fedha ndiyo itakayowagombanisha. Hiyo akaunti moja ikataeni. Kila shule ibaki na akaunti yake na vitabu vyake, na bodi ya pamoja ipate mchango uliopangwa. Madeni ya zamani yabaki yalikozaliwa. Na kadi ya Coaster ina jina la nani?

Sista Mwalimu:
Tumsifu Yesu Kristo. Hapo kwa masista nendeni taratibu. Kanuni ya 806 ya Sheria za Kanisa inampa askofu haki ya kusimamia na kutembelea shule zote za Katoliki jimboni mwake, zikiwemo za mashirika. Lakini inalinda uhuru wa shirika katika uongozi wa ndani wa shule yake. Mali ya shirika haiwezi kuingizwa kwenye kapu kwa kura za wazazi wa parokia jirani. Mama Mkuu ameandikiwa? Au mmemwita mkuu wa shule tu, mkadhani shirika limekubali?

Mwl Vipindi Tisa:
Huyo wa fizikia angeweza kuwa mimi. Ulizeni nani ataandikwa kama mwajiri kwenye mkataba mpya wa walimu. Akiwa ni mdhamini yuleyule, sawa. Akibadilika, walimu wapewe barua inayotambua miaka yao yote. Kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka kumi, sasa mwalimu wa miaka tisa akianza upya anaumia. Na kagueni michango ya NSSF kabla, msirithi shimo.

Mnyakyusa wa Leicester:
Huku England shule nyingi za Katoliki zimeingia kwenye kampuni za pamoja, hasa baada ya sheria ya shule za "academy" ya 2010. Kinachoamua mambo ni waraka mmoja unaosema bodi kuu inaamua nini na kamati ya shule inabaki na nini. Nani anamwajiri mkuu wa shule? Nani anapanga bajeti? Kamati isiyogusa hayo inabaki kupanga mahafali. Uombeni waraka huo kabla ya kura.

Kijana wa Uyole:
Na mipaka ya majimbo nayo inahama, wakuu. Jimbo la Mafinga limezaliwa kutoka Iringa Desemba 2023. Andikeni kabisa shule mbili zikibaki huku na moja ikienda kule, inakuwaje. (Utani niliacha juu.)

Mleta uzi:
Asanteni sana, na mzee wangu shikamoo. Leo nimeenda ofisini. Hati kweli ni ya wadhamini. Kadi ya Coaster ina jina la mwenyekiti wa wazazi wa wakati ule, ambaye amehamia Tunduma na simu yake haipatikani. Mama Mkuu hakuandikiwa chochote.

Nimeandika barua kuomba kura isogezwe mpaka tuone waraka wa madaraka. Wajumbe wanne wamesaini. Kesho asubuhi napanda Noah kwenda Tunduma.